Ubongo na Mafuta Yake: Somo la Shimi



Kuko tusi moja linalosikika sana katika mabweni na kwenye uwanja wa mpira. Mtu akishindwa na hesabu, mwenzake anamwambia: "Wewe, kichwa chako iko mafuta tupu!" Wote wanacheka. Kumbe yule anayetukana amesema kweli bila kujua, na neno lake linamhusu yeye pia. Ukikausha ubongo wa mtu mpaka maji yote yaishe, karibu nusu ya kile kinachobaki ni mafuta. Ni vile kwa mwanafunzi wa kwanza na kwa yule wa mwisho, kwa ng'ombe, kwa mbuzi na kwa panya. Ukiacha mafuta yenyewe yanayokaa chini ya ngozi, hakuna sehemu ya mwili inayoshinda ubongo kwa mafuta.

Leo tutaona hii mafuta ni ya namna gani, wanashimi wanaitoa namna gani, na juu ya nini kazi hiyo ina maana kwetu. Ninyi wadogo wa kalasi za chini musikimbie, someni polepole. Wenzangu wa mwaka wa mwisho, mushike kalamu, maana habari ya lipidi inaweza kuja kwa egzamen.

I. LIPIDI NI KITU GANI?

Tunaita lipidi vitu vyote vya mwili visivyoyeyuka katika maji, lakini vinayeyuka katika alkoli, eteri, kloroformu na dawa nyingine za namna hiyo. Mafuta ya mawese na ya karanga ni lipidi. Lakini lipidi si mafuta ya kupikia peke yake.

Mafuta ya mawese ni akiba. Molekuli yake ina gliseroli moja iliyoshika asidi za mafuta tatu. Mwili unaiweka, kiisha unaichoma wakati wa njaa. Katika ubongo, mafuta ya akiba ya namna hii karibu haiko. Lipidi za ubongo ni vifaa vya kujengea, sawa matofali ya nyumba. Mtu hachomi matofali ya ukuta wake apate kupika ugali.

Jamaa kubwa za lipidi za ubongo ni hizi:

1. Fosfolipidi. Zina fosforo ndani. Upande mmoja wa molekuli unapenda maji, upande mwingine unayakimbia. Kwa hiyo zinajipanga zenyewe safu mbili, na safu hizo njo zinafanya ngozi nyembamba ya kila seli.

2. Kolesteroli. Wengi wanaijua kwa ubaya wake katika mishipa ya damu. Lakini ubongo, ambao uzito wake ni karibu 2% ya uzito wa mtu, una karibu robo ya kolesteroli yote ya mwili. Na ubongo unajitengenezea yake wenyewe, kwa sababu ile ya damu haipiti kuingia ndani. Basi wale wanaosema kwamba kula ubongo wa mbuzi kunaongeza akili, waache. Chakula hicho kinasagwa tumboni kama chakula kingine.

3. Lipidi zenye sukari. Hizi ni serebrosidi, sulfatidi na gangliosidi. Zina sukari mahali ambapo fosfolipidi zina fosforo. Mushike jina la gangliosidi, tutalirudia katika sehemu ya VI.

II. NAMBA ZA KUKUMBUKA

Ukipasua ubongo wa mbuzi kwa kisu, utaona rangi mbili. Kwa nje ni kijivu. Humo ndimo vichwa vya seli za neva vinakaa. Kwa ndani ni nyeupe. Humo nyuzi za neva zinapita. Kila uzi wa namna hiyo umezungushiwa ala ya mafuta inayoitwa mielini, kama vile waya wa umeme unavyofunikwa na plastiki. Uzi wenye mielini unaweza kupeleka habari kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde. Uzi usio na mielini unapeleka karibu mita 1 tu kwa sekunde. Rangi nyeupe ile ni rangi ya mafuta.

Katika ubongo wa mtu mzima wanashimi walipata hivi:

- Sehemu ya kijivu: maji karibu 82%. Katika kile kinachobaki baada ya kukausha, lipidi ni karibu 33%.
- Sehemu nyeupe: maji karibu 72%. Katika kile kinachobaki, lipidi ni karibu 55%.
- Mielini peke yake, baada ya kukausha: lipidi karibu 70%, na protini karibu 30%.

Tufanye hesabu pamoja. Gramu 100 za sehemu nyeupe zina gramu 72 za maji. Zinabaki gramu 28. Asilimia 55 ya 28 ni gramu 15 na kidogo. Hiyo ni lipidi. Hesabu ya sehemu ya kijivu mutaifanya wenyewe, iko kati ya maswali ya mwisho.

III. MTU ALIYEKATAA JINA MOJA

Kazi hii ilianza zamani. Mwaka 1719, huko Giessen katika Ujerumani, mwalimu Johann Thomas Hensing alitoa fosforo katika ubongo. Mwaka 1811 Mfaransa Vauquelin alionyesha kwamba katika ubongo kuna mafuta yenye fosforo. Lakini mafuta hayo yalikuwa mchanganyiko, na hakuna aliyejua namna ya kuyatenga vizuri.

Mwaka 1865 Mjerumani Oscar Liebreich alichemsha ubongo katika alkoli, akaacha ipoe, akapata unga mweupe unaong'aa. Akasema: hiki ni kitu kimoja, ni kitu kikubwa cha ubongo. Akakiita protagoni. Wakubwa wengi wa sayansi wakakubali. Ilikuwa raha: ubongo umepata jina lake, kazi imekwisha.

Mtu mmoja alikataa. Aliitwa Johann Ludwig Wilhelm Thudichum. Alizaliwa mwaka 1829 katika Ujerumani, akasoma shimi kwa Liebig huko Giessen, kiisha akahamia London mwaka 1853, akafanya udaktari kule. Kwa miaka mingi alichukua bongo za watu na za ng'ombe, akazisaga, akazikausha, akazichemsha katika alkoli, akaosha kwa eteri, akatenga tena na tena.

Mawazo yake yalikuwa mepesi, na ni mawazo ambayo kila mwanafunzi wa shimi anapaswa kuyashika. Kama kitu ni safi, ukikiyeyusha na kukirudisha mara kumi, fosforo yake haibadiliki. Chumvi safi ni chumvi leo, ni chumvi kesho. Lakini protagoni, kila mara alipoiosha, fosforo yake ilibadilika. Sehemu moja ilitoka na fosforo nyingi, nyingine ilibaki bila fosforo. Basi protagoni si kitu kimoja. Ni mfuko wenye vitu vingi, na jina limeandikwa juu ya mfuko.

Ndani ya mfuko huo Thudichum alitoa vitu ambavyo leo vinasomwa duniani kote: kefalini, sfingomielini, serebrosidi. Alipata pia msingi mmoja wa ajabu, akauita sfingosini, kufuata jina la Sfinksi, yule mnyama wa hadithi za Wagiriki aliyeuliza watu mafumbo, kwa sababu kitu hicho kilimpa mafumbo mengi. Mwaka 1884 alitoa kitabu chake juu ya shimi ya ubongo.

Munafikiri walimsifu? Hapana. Arthur Gamgee huko Manchester na wengine katika Ujerumani waliitetea protagoni, na wengi wakadharau kazi yake. Thudichum alikufa mwaka 1901 na watetezi wa protagoni wangali wakisema. Kuanzia mwaka 1907 Otto Rosenheim na Christine Tebb, katika London, walirudia majaribio, wakaonyesha kwamba kweli protagoni ni mchanganyiko. Jina likafa, lakini vitu alivyotenga Thudichum viko mpaka leo katika vitabu vyetu.

IV. NJIA YA FOLCH

Alkoli na eteri za zamani zilichukua siku nyingi, na sehemu ya mafuta ilipotea. Aliyetengeneza njia nzuri ni Jordi Folch-Pi, mzaliwa wa Barcelona, Hispania, aliyefanya kazi katika Marekani. Mwaka 1942 yeye naye alionyesha kwamba kefalini ya Thudichum si kitu kimoja, ina fosfolipidi za namna mbalimbali. Munaona? Hata mfuko mdogo uliotoka katika mfuko mkubwa ulikuwa na vitu ndani. Thudichum angalikuwa hai, nafikiri angalifurahi, kwa sababu sheria iliyotumika ni ileile yake.

Mwaka 1957 Folch na wenzake wawili, Lees na Sloane Stanley, waliandika njia inayotumiwa hata sasa katika laboratwari nyingi. Ni hii:

1. Pima gramu 1 ya ubongo. Isage sana katika mililita 20 za mchanganyiko wa kloroformu na metanoli, sehemu 2 kwa 1.

Juu ya nini dawa mbili? Kloroformu inayeyusha mafuta, lakini mafuta ya ubongo yameshikana na protini, na kuna maji katikati. Metanoli inapatana na maji na pia na kloroformu. Inaingia, inavunja ule mshikamano, na mafuta inaachiliwa. Ni kama mtu anayejua lugha mbili kati ya watu wasiosikilizana.

2. Chuja. Protini inabaki juu ya karatasi. Lipidi zinapita, lakini pamoja nazo zinapita pia chumvi na sukari.

3. Ongeza maji, mililita 4, ao maji yenye chumvi kidogo. Tikisa, kiisha ngojea. Maji yanajitenga katika tabaka mbili. Chini ni kloroformu pamoja na lipidi. Juu ni maji na metanoli, pamoja na chumvi na sukari. Musisahau neno hili: gangliosidi, kwa sababu zina sukari nyingi, zinapanda juu pamoja na maji. Mtu akitupa maji ya juu bila kufikiri, ametupa gangliosidi zote.

4. Chukua tabaka la chini, kausha kloroformu, pima kinachobaki. Hiyo ni lipidi yote.

Angalisho: njia hii si ya kujaribu shuleni. Mvuke wa kloroformu unadhuru, na metanoli ni sumu inayoharibu macho. Ni kazi ya laboratwari yenye mashine ya kuvuta hewa.

V. KUTENGA NA KUTAMBUA

Sasa tuna lipidi yote katika chupa moja. Lakini tusirudi kwa kosa la protagoni, tukasema kazi imekwisha. Inabaki kuuliza: humo ndani kuna nani na nani?

Mumewahi kuona wino wa kalamu ukidondoka juu ya karatasi yenye maji: rangi zinatembea, kila moja kwa mwendo wake. Wanashimi wanafanya vile. Wanachukua kioo kilichopakwa unga mwembamba wa silika, wanaweka tone la lipidi karibu na mwisho wake, wanasimamisha kioo katika dawa kidogo. Dawa inapanda na kubeba lipidi. Kolesteroli, ambayo haishikwi sana na silika, inapanda mbali. Serebrosidi inafuata nyuma, fosfolipidi zinabaki chini zaidi.

Kiisha wanatafuta alama. Mvuke wa iodi unapaka lipidi zote rangi ya kahawia. Dawa ya molibdeni inatoa buluu pale penye fosforo. Orsinoli pamoja na asidi ya sulfuri inaonyesha pale penye sukari. Kila jamaa inajitaja yenyewe.

Kwa kupima wingi wa fosfolipidi, wanapima fosforo. Fosforo ni karibu 4% ya uzito wa fosfolipidi, basi wanazidisha uzito wa fosforo kwa 25. Siku hizi mashine zinazopima uzito wa molekuli moja moja zinatambua mamia ya lipidi katika kipande kidogo cha ubongo. Ule mfuko wa Liebreich umefunguliwa mpaka chini.

VI. FAIDA YAKE: HABARI YA WATOTO

Mwingine atauliza: hii yote inatusaidia nini sisi? Sikilizeni.

Mwaka 1881 daktari Warren Tay, katika London, aliona mtoto mchanga mwenye doa jekundu ndani ya jicho, na mwili wake dhaifu. Mwaka 1887 daktari Bernard Sachs, katika New York, aliandika juu ya mtoto wa namna hiyo. Mtoto huyu anazaliwa mzuri. Anacheka, anajua mama yake. Karibu na miezi 6 anaanza kurudi nyuma. Anaacha kukaa, anaacha kushika, macho yanakufa, anapata kifafa. Mara nyingi anakufa kabla ya miaka 5. Ugonjwa huu ulionekana zaidi kati ya jamaa za Wayahudi waliotoka Ulaya ya mashariki, na mama mmoja aliweza kuzika watoto wawili ao watatu.

Ernst Klenk, mwanashimi wa Cologne katika Ujerumani, alichambua bongo za watoto hao. Alipata lipidi moja yenye sukari imejaa mno. Mwaka 1942 aliita jamaa hiyo gangliosidi. Mwaka 1962 Lars Svennerholm wa Sweden alionyesha ni gangliosidi gani hasa. Mwaka 1969 Okada na O'Brien, katika Marekani, walipata sababu: mtoto hana enzima moja ya kuvunja lipidi hiyo. Kila mtu anaitengeneza na kuivunja kila siku. Mtoto huyu anaitengeneza lakini haivunji, basi inajaa katika seli mpaka seli inakufa.

Baba na mama wako wazima kabisa. Kila mmoja amebeba kasoro moja iliyojificha, na kwa kila mimba kuna nafasi moja kwa nne kwamba mtoto atapata zote mbili. Kuanzia mwaka 1971 watu walianza kupimwa damu kabla ya kuzaa. Katika Marekani na Kanada, kati ya Wayahudi, watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu wamepungua kwa zaidi ya 90%. Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini wazazi wanajua. Hakuna anayemtafuta mwenye kosa katika nyumba.

Sasa tuangalie kwetu. Mtoto akianguka kifafa, ao akirudi nyuma kwa akili, mara ngapi jamaa wanasema amelogwa? Mara ngapi wanasema mtoto mwenyewe ni mulozi, wanamfukuza, analala ku soko? Mimi sisemi kwamba watoto wetu wana ugonjwa wa Tay na Sachs. Huku kwetu malaria ya kichwa, meninjiti na taabu wakati wa kuzaliwa zinaharibu bongo za watoto wengi zaidi. Lakini tazameni vizuri neno lile "mulozi". Ni jina moja linalowekwa juu ya mfuko bila kufungua mfuko. Malaria iko ndani, meninjiti iko ndani, kifafa cha jamaa kiko ndani, na kila kimoja kina njia yake. Jina moja linafunga mlango, na mtoto hapelekwi hospitali.

Sisi tunaosoma, tukirudi nyumbani wakati wa vakansi, tutakuta habari za namna hii. Tusicheke wazee wetu wala tusiwatukane. Tuseme kwa heshima: "Baba, mama, kwanza tumpeleke apimwe." Maneno haya machache yanaweza kuokoa mtoto.

VII. JARIBIO KWA ALKOLI

Hili tunaweza kulifanya mbele ya mwalimu. Munahitaji kipande cha ubongo wa mbuzi mzima aliyechinjwa siku ile, kipande cha uboho wa uti wa mgongo wa mbuzi yuleyule, alkoli ya 90%, maji safi na chupa ndogo sita za kioo.

1. Katika chupa ya kwanza tieni gramu 1 ya ubongo uliosagwa na mililita 5 za alkoli. Katika ya pili, gramu 1 ya uboho na mililita 5 za alkoli. Katika ya tatu, alkoli peke yake.
2. Tikisa dakika 5. Acha mpaka vipande vishuke.
3. Mimina maji ya juu yaliyo safi katika chupa nyingine yenye mililita 5 za maji. Fanya vile kwa zote tatu.

Pale penye lipidi, maji yanakuwa meupe kama maziwa, kwa sababu lipidi inakimbia maji na kujikusanya katika matone madogo sana. Chupa ya tatu inapaswa kubaki bila weupe. Nayo ikiwa nyeupe, alkoli yenu si safi, na jaribio lote ni bure. Uti wa mgongo una sehemu nyeupe nyingi. Linganisheni chupa ya kwanza na ya pili, muandike kile munachoona, si kile munachotaka kuona.

Alkoli inawaka upesi: kazi ifanywe mbali na mbabula na taa. Baada ya kazi, kunawa mikono kwa sabuni, na nyama ile haipelekwi jikoni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gramu 100 za sehemu ya kijivu zina gramu ngapi za lipidi? (Tumia namba za sehemu ya II.)
2. Miligramu 60 za lipidi zina miligramu 1.2 za fosforo. Fosfolipidi ni miligramu ngapi, na ni asilimia ngapi ya lipidi yote?
3. Thudichum alijua namna gani kwamba protagoni si kitu safi?
4. Mwanafunzi anatafuta gangliosidi kwa njia ya Folch, na anatupa tabaka la juu. Amekosa wapi?
5. Eleza tofauti ya kazi kati ya mafuta ya mawese na fosfolipidi.

Majibu ya hesabu: (1) karibu gramu 6, (2) miligramu 30, ni kusema 50%. Maswali mengine mulete kwangu kwenye etidi ya jioni, nitayasoma yote. Na tusi lile la mafuta, kuanzia leo anayelisema ataje kwanza jamaa tatu za lipidi za ubongo.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, Biolojia na Shimi